Mmemgawana Binamu Yangu, Fungu Lake Liko Wapi?

Jumamosi iliyopita nilikuwa Muheza, mkoani Tanga, kwenye kikao cha ukoo baada ya arobaini ya mjomba. Nimerudi na donge kooni ambalo halijashuka mpaka leo.

Kikao chenyewe kilikuwa cha heshima, hakuna aliyepandisha sauti. Mzee aliyekiongoza alifungua kwa Fatiha, madeni ya marehemu yakatajwa na kulipwa palepale, kisha kijana mmoja akaandika muhtasari kwenye karatasi iliyochanwa kutoka kaunta buku. Marehemu ameacha ekari nane za michungwa, nyumba moja ya vyumba sita, baiskeli mbili na cherehani. Warithi ni fulani, fulani, fulani na fulani. Wakatia saini. Nikaiomba ile karatasi, nikahesabu majina mara mbili. Mjomba alikuwa na watoto watano.

Wa tano alikuwa upenuni, hatua chache tu kutoka tulipokaa, akimenya chungwa. Binamu yangu ana miaka 37, na ana mtindio wa ubongo. Mkono wake wa kushoto haukunjuki, kwa hiyo chungwa hulibana kifuani kwa kiwiko na kulimenya kwa kucha za mkono wa kulia, maganda yakidondoka vipande vidogo vidogo juu ya kanga. Huwa hasaidiwi, na hapendi kusaidiwa.

Nilipouliza, nikajibiwa kwa upole kabisa: "Huyu atakaa kwa kaka yake mkubwa." Basi, hapo mjadala ukaisha. Ekari zimekwenda kwa wanne, cherehani kwa dada, na yeye mwenyewe amekwenda kwa kaka. Amewekwa kwenye orodha ya vinavyogawiwa, wakati mahali pake ni kwa wanaogawiwa.

Na hili ndilo linaloniuma: hakuna sheria iliyowaagiza. Sisi ni Waislamu, na Suratun Nisaa imeweka mafungu: mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Mjomba alikuwa mjane, wazazi wake walitangulia, wanawe ni wanaume watatu na wanawake wawili. Mafungu manane. Katika ekari nane, moja ni ya binamu yangu, kwa kuwa ni wa kike, na hakuna aya inayosema fungu linapotea mtu akizaliwa na mtindio wa ubongo. Sura hiyohiyo inazungumzia asiyeweza kuendesha mali mwenyewe, na agizo lake ni kumlisha kutokana na mali hiyo, kumvika, na kusema naye maneno mazuri. Asimamiwe. Kunyang'anywa hakumo.

Serikali nayo haikuwaagiza. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na ibara ya 12 inataja waziwazi haki ya kumiliki na kurithi mali. Mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Binamu yangu hakupotezwa na Qurani wala na Bunge. Amepotezwa na karatasi ya kaunta buku, ambayo kesho itapelekwa Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo, na hakimu atajuaje kwamba kuna mtoto wa tano upenuni?

Mjomba alimpenda sana huyu mtoto, nalisema hilo nikiwa na hakika. Lakini alifanya walivyofanya wazazi wengi ninaowajua: kila alipougua aliwaita wale wanne akawaambia, "Nikifa, mwangalieni mwenzenu." Waliitikia wote, na naamini kila mmoja aliitikia kwa moyo mweupe. Lakini "mwangalieni" haina shilingi ndani yake, haina chumba, wala haisemi ni nani afanye nini lini. Nilionyeshwa daftari la mjomba la matumizi. Kila mwezi, kwa mwandiko wake wa kulala: dawa za kifafa, sabuni, pampasi za watu wazima, nauli ya bodaboda kwenda hospitali, pesa ya msichana wa kushinda naye. Pesa yote hiyo ilitoka kwenye machungwa na kodi za wapangaji. Sasa michungwa imegawanywa kwa watu wanne, na daftari limebaki na mtu mmoja. Kaka mkubwa ana watoto wanne wanaosoma. Mwaka wa kwanza atajibana. Mwaka wa tatu, dawa zikipanda bei na ada imefika, ataanza kuruka mwezi mmoja wa dawa, tena kwa machozi. Kifafa hakisubiri mavuno.

Na tumtaje ambaye kikao hakikumtaja kabisa: mke wa kaka mkubwa. Binamu yangu ni mwanamke, hawezi kuogeshwa na kaka yake. Atakayemwogesha, atakayembadilisha usiku, atakayemlisha akiwa na homa, ni yule shemeji aliyekuwa jikoni akipakua pilau wakati wanaume wanamkabidhi kazi ya maisha yake yote. Hakuulizwa. Akichoka, tutasema shemeji ana roho mbaya.

Mwenye mtoto kama huyu afanye nini? Kwanza, aliye Mwislamu asijidanganye na wosia wa "nyumba yote nimemwachia huyu". Wosia hauzidi theluthi, na kumwandikia mrithi hakusimami mpaka warithi wenzake waridhie ukishakufa. Unachotaka kumwongezea, mpe ungali hai, iwe hiba, ukimkabidhi mbele ya mashahidi, na kama hawezi kuipokea mwenyewe, walii wake, yaani mlezi wake, aipokee kwa niaba yake. Wanaotumia wosia wa kimila, mashahidi wasipungue wawili kama anayeandika anajua kusoma, wanne kama hajui, wa ukoo na wasio wa ukoo.

Lakini kuna jambo ambalo sisi watu wa pwani tumelisahau ilhali lilikuwa letu. Leo ukisema amana ya familia, watu wanadhani ni mambo ya matajiri wa Ulaya na mawakili wao. Kumbe wakfu ni nini kama si amana hiyohiyo? Mwenye mali anaifunga: haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Anaweka msimamizi, anataja wanaonufaika, na kodi au mavuno yanakwenda kwao mwaka hadi mwaka. Mababu zetu walifunga nyumba kwa ajili ya misikiti, na walifunga nyingine kwa ajili ya kizazi chao wenyewe. Hapo ng'ambo ya maji, Zanzibar ina Kamisheni nzima ya Wakfu na Mali ya Amana. Kama nyumba inaweza kulipia mafuta ya taa ya msikiti kwa miaka mia, vyumba viwili vinaweza kulipia dawa za kifafa za binti yako. Na Bara tunayo RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, ambayo mkuu wake ndiye Kabidhi Wasii Mkuu. Inapokea wosia na kuutunza, na inaweza kusimamia mirathi na mali ya udhamini pale ukoo unapokosa wa kuaminiwa.

Msimamizi asiwe mmoja. Wawe wawili, na mmoja asiwe anakaa nyumba moja na anayesimamiwa mali. Hesabu isomwe mbele ya ukoo kila mwaka. Msimamizi wa mirathi si mrithi, kila mtu anausema msemo huu, na Mahakama ya Mwanzo inamtaka alete orodha ya mali na hesabu za mgao ndani ya miezi minne. Lakini miezi minne ni ya kufunga mirathi. Binamu yangu ana maisha ya kuishi baada ya faili kufungwa.

Tena nisieleweke vibaya. Si kila mwenye ulemavu anahitaji wa kumshikia mali. Jirani yangu haoni, na anaendesha duka la nafaka vizuri kuliko wengi wenye macho. Kumwekea msimamizi mtu kama huyo ni kumdhulumu kwa njia nyingine, na wapo wajomba wanaokimbilia hilo haraka sana. Kiziwi aletewe mkalimani, asiyeona asomewe, asiyeweza kushika kalamu aweke dole gumba. Na hata yule anayehitaji kusimamiwa, aulizwe.

Wataniambia wasimamizi nao huiba. Ni kweli, wanaiba. Wataniambia wakili anataka pesa na shamba lenyewe ni robo ekari. Hilo nalo nalikubali, kwa shingo upande, kwa sababu nimeona familia ambazo gharama za makaratasi zingemeza mali yote. Kwao angalau jina liandikwe. Jina kwenye muhtasari halina gharama.

Na binamu zangu wale wanne si wezi. Huyo kaka mkubwa ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni usiku wa mvua mpaka hospitali, mwaka ule daraja liliposombwa. Alipoona nimeikazia macho karatasi aliniuliza kwa dhati, "Sasa yeye mali ataifanyia nini?" Nikafungua daftari la baba yake, nikamsomea mwezi mmoja, mstari kwa mstari, mpaka jumla. Alinyamaza. Mzee akasema, "Mwanangu, karatasi imeshatiwa saini." Nikamwambia, "Mzee wangu, shikamoo tena, lakini kaunta buku ina kurasa nyingi."

Muhtasari uliandikwa upya kabla ya Alasiri, majina matano. Shemeji aliitwa kutoka jikoni, akakaa mkekani, mikono bado ina harufu ya vitunguu, na kwa mara ya kwanza akasema anahitaji nini: msichana wa kumsaidia usiku, na godoro lisilopitisha maji. Yameandikwa. Msimamizi wa pili wa fungu lile bado hajapatikana. Nimeambiwa niwe mimi, na nimeomba wiki moja nifikiri, kwa sababu naishi Dar na sitaki kuwa jina tu.

Kisha dada yake akatoka akaenda upenuni, akachuchumaa mbele ya binamu yangu, akamuuliza anataka nini katika vitu vya baba. Yeye huchukua muda kutoa neno, na tulisubiri. Akasema, "Chumba cha mbele." Ndicho alichokuwa akikaa mjomba jioni, dirisha linatazama barabarani, magari ya machungwa yanapita. Kina mpangaji, na amelipa kodi hadi Desemba. Kaka mkubwa amesema atamwambia mwenyewe.