Nani Alinde Mpaka, na Nani Aamue Hatima ya Mgeni?

Msafiri afikapo mpakani humwona mtu mmoja mwenye sare nyuma ya kioo, akadhani kwamba serikali nzima imekaa hapo. Kwa hakika hapo hukutana kazi zisizofanana kabisa: kukagua pasipoti, kutoza ushuru wa forodha, kupima afya ya watu na mifugo, kupiga doria katika sehemu zisizo na geti, kumsikiliza anayesema amekimbia kuuawa, na kumrudisha kwao aliyenyimwa kibali. Kila nchi hulazimika kuamua kama kazi hizi zikae chini ya mkuu mmoja au zigawanywe, na uamuzi huo, ingawa kwa nje unaonekana kuwa suala la vyeo na masijala, mara nyingi ndio unaoamua kama mtu atasikilizwa ipasavyo au hatasikilizwa.

Wanaotaka kuunganisha wana hoja nzito. Mahali penye wakuu wanne katika kituo kimoja, kila mmoja akiripoti kwa wizara yake, hakuna anayewajibika foleni inapokwama au shehena ya magendo inapopita. Afrika Kusini iliifuata hoja hiyo ilipotunga sheria ya mwaka 2020 ya kuunda Mamlaka ya Usimamizi wa Mipaka, ambayo tangu Aprili 2023 inajitegemea na imekusanya maafisa waliokuwa wametawanyika katika wizara za mambo ya ndani, afya, kilimo na mazingira. Hata hivyo forodha ilibaki kwa mamlaka ya mapato, na doria nje ya vituo bado inategemea jeshi. Wapo wanaoona hiyo ni kasoro ya mageuzi yaliyokatiwa njiani. Mimi naiona kuwa busara, kwa sababu afisa wa forodha hamtambui mdanganyifu kwa kumtazama usoni. Humtambua kwa kulinganisha ankara na kumbukumbu za kodi, na kumbukumbu hizo ziko kwa mamlaka ya mapato. Ukimtenga nazo, unabaki na mkaguzi wa mabegi.

Isitoshe, kuunganisha huduma si lazima kuunganisha mamlaka. Kituo cha pamoja cha Chirundu, kati ya Zambia na Zimbabwe, kilichozinduliwa mwaka 2009, na vile vya Afrika Mashariki vinavyoendeshwa kwa sheria ya Jumuiya ya mwaka 2016, vinamwezesha dereva wa lori kusimama mara moja tu, ilhali kila idara ya kila nchi imebaki na sheria yake na waziri wake.

Ugumu halisi unaanza pale chombo kimoja kinapotakiwa kumhudumia mgeni na papo hapo kumwinda. Marekani iliishi na hali hiyo kwa miongo mingi kupitia idara yake ya zamani ya uhamiaji na uraia. Udhaifu wake ulidhihirika Machi 2002, miezi sita baada ya mashambulizi ya Septemba 11, ambapo shule moja ya urubani huko Florida ilipokea barua za idara hiyo zikithibitisha kwamba wawili kati ya watekaji wa ndege, waliokwisha kufa, walikuwa wameidhinishiwa viza za masomo. Mwaka 2003 idara ilivunjwa, na kazi zake zikagawanywa kwa vyombo vitatu ndani ya wizara mpya ya usalama wa ndani: kimoja cha mipakani, kimoja cha ukamataji na kimoja cha vibali na uraia. Lakini majaji wa uhamiaji walibaki katika Wizara ya Sheria, ambako Mwanasheria Mkuu, ambaye ni mteule wa rais, anaweza kuichukua kesi iliyofika kwenye bodi ya rufaa ya uhamiaji ya wizara hiyo na kuiamua mwenyewe. Kanada ilichagua njia nyingine: tangu 1989 maombi ya hifadhi ya ukimbizi huamuliwa na bodi inayojitegemea, na maafisa wa mpakani, wanapoamua kuingilia shauri, hufika mbele yake kama upande mmoja tu.

Mgawanyo nao una madhara yake, na haifai kuyapunguza. Mwaka 2018 serikali ya Marekani ilipowatenganisha wazazi na watoto mpakani, wazazi walibaki mikononi mwa wizara ya usalama wa ndani na watoto wakapelekwa kwa wizara ya afya. Mifumo ya kumbukumbu ya wizara hizo mbili haikuwa imeunganishwa, hivyo mahakama ilipoamuru familia zirudishwe pamoja, maafisa walilazimika kupekua majalada kutafuta nani ni mtoto wa nani. Sera yenyewe ilikuwa ya kikatili. Mwanya kati ya wizara ndio uliofanya ukatili huo uwe mgumu kurekebishwa.

Ujerumani ilikutana na tatizo la aina hiyo katika wimbi la wakimbizi la 2015, pale watu walipoandikishwa mara kadhaa na vyombo tofauti. Huko polisi wa shirikisho hulinda mipaka, ofisi ya shirikisho yenye makao yake Nuremberg huamua maombi ya hifadhi, ofisi za wageni za miji na wilaya hutoa vibali vya ukaazi, na rufaa huenda mahakamani. Sheria ya Februari 2016 haikuvunja mgawanyo huo; iliweka daftari moja la taarifa na hati moja ya kuwasili inayotambuliwa na wote.

Uingereza inaonyesha kwamba kupangua vyombo peke yake hakutoshi. Wakala wa mipaka ulioundwa 2008 ulivunjwa 2013, vibali vikatenganishwa na ukamataji, lakini vyote vikabaki katika wizara ileile yenye sera ileile, iliyowatwika hata wenye nyumba na waajiri jukumu la kukagua hadhi ya wageni. Mwaka 2018 ikabainika kwamba watu waliohamia kihalali kutoka Karibi miongo mingi kabla walikuwa wakinyimwa kazi na matibabu, wengine wakifukuzwa nchini, kwa kukosa karatasi. Kadi zao za kuwasili, ambazo zingeweza kuwasaidia baadhi yao kuthibitisha haki yao, zilikuwa zimeteketezwa na serikali mwaka 2010.

Kwa hiyo nchi inayopanga upya vyombo vyake ningeitaka iunganishe dirisha na daftari bila woga, ila uamuzi juu ya hifadhi na rufaa uwe nje ya mkono wa anayekamata. Sheria itamke pia, kwa kila hatua ya kumkabidhi mtu kutoka chombo hadi chombo, ni ofisi gani inayoshika jalada lake na inayopaswa kujibu ndugu zake wanapouliza aliko.