4,294,967,297 inastahili kuingia darasani

Ningeambiwa nichague namba moja kubwa ya kufundishia hisabati sekondari, ningechagua 4,294,967,297, yaani 2³² + 1. Hakuna namba nyingine ninayoijua inayomfunza mtu upesi hivi kutofautisha mifano na uthibitisho.

Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse aliyefanya hisabati kwa mapenzi tu, aliwaandikia wenzake kuhusu 3, 5, 17, 257 na 65,537. Hizi ni 2 kwa vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16, kila moja ikiongezwa 1. Zote ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Fermat aliamini kwamba ukizidi kuongeza kipeo maradufu utapata tasa daima, ingawa alikiri kuwa hana uthibitisho. Namba inayofuata ndiyo hii yetu, na mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler alitangaza kwamba inagawanyika:

641 × 6,700,417 = 4,294,967,297

Wengi wakisimulia kisa hiki huishia hapo, na kwangu hapo ndipo utamu unapoanza. Kwa kubahatisha, ungekuwa na namba tasa 6,542 za kujaribu, zote zilizo chini ya 65,536, ambayo ni takriban kipeuo cha pili cha namba hii. Euler alikuja kuonyesha kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 64. Sasa zinazofaa ni 193, 257, 449, 577, halafu 641. Umefika kwa jaribio la tano!

Tena kuna njia ya kuthibitisha bila hata kuigusa namba yenyewe. Angalia 641 kwa makini: ni 640 + 1, na pia ni 625 + 16. Ukigawanya kwa 641, 640 ni sawa na −1, kwa hiyo 640⁴ inabakiza 1. Lakini 640 ni 5 × 2⁷, hivyo 640⁴ ni 625 × 2²⁸. Mahali pa 625 weka −16, maana zinatofautiana kwa 641 kamili. Unabaki na −2³², nayo inabakiza 1. Basi 2³² + 1 haibakizi kitu.

Hapo pana kuzidisha na mabaki tu, mambo ambayo kijana wa kidato cha pili anayamudu. Ndiyo maana sikubaliani na zoezi la "tazama mifano minne, kisha andika kanuni," ambalo jibu lake hupewa alama zote bila mtu kuuliza kwa nini. Fermat alikuwa na mifano mitano, na alikuwa Fermat.

Vijana waambiwe na hili pia: namba tasa ya sita ya ukoo huu haijapatikana hadi leo, wala hakuna aliyethibitisha kwamba haipo.