Namba za ndani za hifadhidata: zionyeshwe au zifichwe?

Anayeingiza mstari mmoja kwenye hifadhidata ya PostgreSQL kwa mkono hujibiwa hivi: INSERT 0 1. Ile moja ya mwisho ni idadi ya mistari iliyoingia. Sifuri ya katikati ina historia ndefu zaidi. Zamani mfumo ulitaja hapo OID, yaani namba ya biti 32 ambayo wenyewe uliupa mstari mpya, na wapo mafundi waliofanya namba hiyo ufunguo wa majedwali yao, yaani kitambulisho cha kila mstari. Tangu toleo la 8.1 la mwaka 2005, majedwali ya watumiaji hayakupewa tena OID bila kuombwa. Toleo la 12 la mwaka 2019 liliondoa kabisa hata nafasi ya kuomba. Sifuri imeachwa kwa ajili ya programu zilizozoea kusoma jibu la sehemu tatu.

Swali lililoachwa nyuma na sifuri hiyo bado linawagusa wanaojenga mifumo ya maduka hapa Dar es Salaam: je, hifadhidata imwonyeshe fundi namba inazotumia kwa kazi zake za ndani, au imfungie mlango?

Wanaotaka zifichwe wana hoja nzito. Chukua duka la jumla la Mtaa wa Kongo, Kariakoo, linalouza kwa programu ya simu yenye SQLite, hifadhidata ndogo, ndani yake. Tuseme fundi anachapa rowid, namba ambayo SQLite huipa kila mstari, kwenye risiti kama namba ya mauzo. Rowid ni ya biti 64, haitakwisha leo wala kesho. Lakini kwa kawaida SQLite hutoa namba mpya kwa kuchukua iliyo kubwa kuliko zote zilizomo na kuongeza moja. Mteja akirudisha vitenge na muuzaji akafuta mauzo hayo ya mwisho, anayefuata anapewa namba ileile. Mtaani kuna karatasi mbili za namba moja, na mwenye duka akifunga hesabu jioni atamshuku kijana wa kaunta kabla ya kuishuku programu. Neno AUTOINCREMENT, likiwekwa wakati wa kuunda jedwali, lingezuia hilo. Kuna lingine: jedwali lisilo na INTEGER PRIMARY KEY, yaani safuwima ya ufunguo mkuu wa namba kamili, likipitiwa na VACUUM, amri ya kusafisha faili, rowid zake zinaweza kubadilika.

PostgreSQL nayo ina ctid, inayosema mstari uko ukurasa gani na nafasi ya ngapi. Ctid ni siti ya daladala: inaonyesha abiria alipoketi, haisemi ni nani. Kila UPDATE, amri ya kubadili mstari, huandika nakala mpya ya mstari, na nakala hiyo ina ctid yake. Anayehifadhi ctid leo ili aitumie kesho anaweza asikute kitu, au akakuta mstari wa mtu mwingine kabisa.

Hata hivyo, kuficha kabisa nako kuna gharama. Tazama InnoDB, sehemu inayohifadhi data ndani ya hifadhidata ya MySQL. Jedwali likikosa ufunguo mkuu, na likakosa pia faharasa ya kipekee isiyokubali NULL, yaani nafasi tupu, InnoDB hujitengenezea DB_ROW_ID ya baiti 6. Huwezi kuiita kwa amri ya SQL. Ipo, inakula nafasi, na haikusaidii.

Linganisha na fundi wa PostgreSQL aliyekabidhiwa faili la wateja ambalo kila mteja ameingia mara mbili, herufi kwa herufi. Kwa ctid anafuta nakala za ziada kwa amri moja na kazi imekwisha. Ctid imetumika na kusahaulika ndani ya muamala uleule, yaani kundi la amri zinazokamilika kwa pamoja. Vivyo hivyo kwa xmin, namba ya muamala ulioandika mstari. Programu huisoma mstari unapofunguliwa, na wakati wa kuhifadhi huuliza kama bado ni ileile. Ikiwa si ileile, mtu mwingine amekwisha kuubadili. Sioni sababu ya kuwanyima watu chombo cha namna hii.

Kwa hiyo mimi niko upande wa kuonyesha, kwa sharti moja: kila namba ivae aina ya data inayozuia matumizi yasiyoifaa. Xid, aina ya namba za miamala, imefanya hivyo. Inakubali kuulizwa usawa tu. Ukiuliza ipi ndogo kuliko ipi, mfumo unakataa, na una haki, kwa kuwa namba hizo huzunguka na kuanza upya. OID ililegezwa mno. Inakubali kupangwa kwa ukubwa, inaingia kwenye safuwima ya integer bila ubishi, na ikipita 2,147,483,647 inageuka kuwa hasi humo. Sishangai kwamba watu waliifanya ufunguo.

Linabaki suala la udogo. Biti 32 hutoa namba zipatazo bilioni 4.3, na kwa miamala nusu yake huhesabiwa zilizopita, nusu zijazo. Duka letu la Kariakoo likihamia PostgreSQL na kuandika miamala 50,000 kwa siku, bilioni 2.1 zitaisha baada ya miaka zaidi ya 100. Mfumo wa pesa za simu unaoandika 1,000 kwa sekunde utazimaliza kwa siku 25 hivi, usipofanyiwa usafi wa kugandisha mistari ya zamani, yaani kuitia alama kwamba ni ya zamani ili namba zake zitumike tena. Kwa kawaida kazi hiyo huanza yenyewe umri wa jedwali ukifika miamala milioni 200. Ikikwama hadi namba zikakaribia kwisha, PostgreSQL hukataa kutoa nyingine.

Mbona basi zisipanuliwe? Kichwa cha kila mstari, sehemu ya mwanzo inayobeba taarifa zake za ndani, kina baiti 23, na humo mna xid mbili za baiti 4. Kuzifanya za baiti 8 ni kuongeza baiti 8 kwa kila mstari, au gigabaiti 8 kwa jedwali la mistari bilioni moja. Toleo la 13 la mwaka 2020 lilileta xid8 ya biti 64 kwa anayetaka kuhifadhi namba ya muamala kwenye jedwali lake, lakini kichwa cha mstari hakikuguswa. Mwenye duka hana haja ya kulipia nafasi hiyo. Mwenye mfumo wa pesa za simu, nadhani, angeilipia kesho asubuhi.