Sio wigi, ni unywele mmoja

Jamani, kabla hamjaendelea kusambaza ile stori ya "wigi limeingia kwenye leza", mwenye kichwa nimekuja. Sio wigi. Ni unywele. Mmoja!

Nilipewa kazi ya kuitoa leza ya heli-neoni kwenye modi (umbo la mwanga wake) ya msingi, lile doa moja la duara, niipeleke TEM10, yaani madoa mawili na giza katikati. Wiki mbili nageuza skrubu za kioo, kimoja kati ya viwili vinavyorudishiana mwanga ndani ya leza, robo ya robo, mgongo umepinda kuliko kioo chenyewe, doa ni lile lile. Juzi usiku nikazima, nikainama kusafisha kioo (nilizima, msinianze), nikawasha, mawili hayo! Mekundu, nanomita 632.8, yamekaa ukutani kama macho ya paka. Nikapiga kelele, nikapiga picha, nikatuma kwenye grupu.

Asubuhi watu tisa. Nikatoa lekcha. "Siri ni mkono," nikasema, na video ipo, "ukikiinamisha kioo kidogo tu modi ya daraja la juu, kama hii TEM10, inaamka yenyewe." Prof kimya. Akagusa skrubu, madoa yakafifia ila yakabaki mawili. Akarudisha. Akaomba tochi. Akainama. Kimya kile nyie, mpaka feni ya pawa saplai naisikia. Akaomba kibano. Mkono unaingia taratibu katikati ya vioo, mimi macho ukutani, doa la kushoto likatetemeka, la kulia likatetemeka, halafu... moja. Duara. Safi kabisa. Na Prof kainua juu unywele mrefu wenye ncha ya zambarau. Lab nzima mwenye zambarau ni mtu mmoja, na ndo huyo kashika pointa.

Kumbe modi ya msingi nguvu yake kubwa iko katikati, unywele ukikatiza pale umeiua, ila TEM10 katikati yake ni giza so inapita kama haijaona kitu. Tena kumbe ni mbinu ya siku nyingi, watu wanaweka unywele makusudi! Prof akasema, "Haya, urudishe." Nikajing'oa nywele mbele ya umati, ya kwanza ikakatika, ya pili na ya tatu zikakaa pembeni, ya nne ndo ikakubali.

Leo nimefungua daftari la lab, kwenye vifaa mtu kaongeza: leza 1, vioo 2, kichwa 1. Na mwandiko wako naujua, wewe wa wigi.