Aliyemfunga ndiye alipe: California na jela zake za kaunti

Kwanza tuwekane sawa, manake ukitaja jela ya kaunti mtu wa Kenya anaweza kushangaa, kaunti zetu 47 hazina jela hata moja, magereza yote ni ya serikali ya kitaifa. California mambo ni tofauti. Jela ya kaunti iko chini ya sherifu, na sherifu anachaguliwa kwa kura, halafu jimbo nalo lina magereza yake makubwa. Zamani ukipewa kifungo kisichozidi mwaka unabaki kwa sherifu, ukifungwa zaidi ya hapo kwa kawaida unapelekwa kwa jimbo.

Sasa magereza ya jimbo yakafurika. Mwaka 2011 kesi ya Brown dhidi ya Plata ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na picha ziliwekwa ndani ya hukumu kabisa, jumba la mazoezi limejaa vitanda vya ghorofa ukutani hadi ukutani, na vizimba vyenye upana wa kibanda cha simu, bila choo, ndimo walimofungiwa wagonjwa wa akili waliotaka kujiua. Kwingine watu hadi 54 walitumia choo kimoja. Magereza yaliyojengewa watu kama 80,000 yalibeba karibu mara mbili ya hao. Majaji 5 kwa 4 wakasema punguzeni mfike asilimia 137.5 ya idadi ambayo magereza yalijengewa (yaani hata hiyo nafuu bado ni msongamano!).

Gavana Jerry Brown alikuwa ashasaini sheria ya AB 109, ikaanza Oktoba 1, 2011. Kosa lako kama si zito, halina ukatili, wala si la ngono, na huna rekodi ya hayo, unafungwa kwenu kaunti hata kama ni miaka kadhaa.

Mimi naiunga mkono, na sababu yangu kubwa ni pesa. Mwendesha mashtaka mkuu wa kaunti naye anaombea kura hapo hapo kaunti, anajipiga kifua kwamba amefunga wahalifu, lakini chakula, dawa na askari wa kuwalinda hao watu vyote vilikuwa vinalipwa na Sacramento, yaani serikali ya jimbo. Ni kama kuagiza nyama choma ukijua bili ni ya mwenzio, utaacha kuongeza kilo? Bili ikirudi kaunti, wataanza kujiuliza kama huyu kijana wa unga lazima alale ndani au apelekwe matibabu.

Ila kuna kitu kinanikera. Hizi jela zilijengwa kwa ajili ya mahabusu na vifungo vya miezi, nyingi zina kiuanja kidogo, masomo haba, halafu unamweka mtu humo miaka 5 au zaidi, na zikijaa sherifu anaachia watu mapema. Jimbo lilipeleka hela, na mwaka 2012 wapiga kura wakailinda hiyo hela kwenye katiba ya jimbo, sawa, lakini kaunti ndiyo inaamua itajenga seli au itaajiri washauri. Ningekuwa mimi ningeweka kikomo cha miaka 3, kikipita hapo mtu aende gereza la jimbo na kaunti iliyomfunga ichangie gharama.