Kumkamulia mtoto asiyeruhusiwa kula

Mwanetu alizaliwa kwa upasuaji, mimba ina wiki 30. Gramu 1,380. Njiti. Siku nane za kwanza alikwenda vizuri: mililita 3, zikawa 5, zikawa 8, maziwa ya mama yake yakishuka taratibu kwenye mpira uliopita puani hadi tumboni. Siku ya tisa nesi alivuta kwa sindano masalio ya maziwa tumboni kabla ya kumlisha, akatoa kitu cha kijani. Tumbo limejaa, ngozi inang'aa, na kwenye nepi michirizi ya damu.

Daktari akasema ni NEC, ugonjwa wa utumbo. Mimi NEC niliyoijua ni ile tume ya kuhesabu kura. Akanieleza tumesimama mlangoni: utumbo wa njiti bado mchanga, ukuta wake huvimba, bakteria wakauvamia, sehemu ikafa. Ukitoboka, ni kisu. Kwa siku kumi asile chochote. Dripu, antibayotiki, mpira wa tumboni uachwe wazi utoe hewa na nyongo, eksirei irudiwe.

Mimi kazi yangu ilikuwa kukimbia duka la dawa na kurudi. Kazi ngumu alipewa mke wangu, na hakuna aliyeiita kazi. "Mama, endelea kukamua kila baada ya saa tatu, usiku pia, yasije yakakauka." Kwa mtoto asiyekula! Saa nane za usiku, mshono bado mbichi, yuko kwenye benchi la mbao koridoni, khanga mabegani, kikombe mkononi. Akimaliza anabandika plasta, anaandika jina, tarehe na saa. Halafu anaambiwa friji ya wodi ni ya dawa. Maziwa yakaishia sinki. Niliwahi kumkuta akisuuza kile kikombe, anasuuza tu, kimeshatakata zamani.

Sasa hapo ndipo ninapogombana na wodi zetu. Mnawaambia akina mama maziwa yao ni dawa, na ni kweli: njiti anayepewa maziwa ya mama ana hatari ndogo ya kupata ugonjwa huu kuliko wa maziwa ya kopo, na utumbo ukitulia huwa ndiyo ya kwanza kurudishwa. Basi yatunzeni kama dawa. Kwenye friji yanakaa hadi siku nne. Hospitali ya Pumwani, Nairobi, ilifungua benki ya maziwa ya akina mama mwaka 2019. Mimi siombi benki. Naomba friji ndogo, pazia, na kiti chenye mgongo. Wala sidhani tatizo ni hela. Mama akishajifungua anahesabiwa kama msindikizaji tu.

Nyumbani nako kulikuwa na yao. Simu kila jioni: "Ananyonya?" Kila nikijibu "bado", naona mke wangu anainama, kana kwamba kosa ni lake. Mama mkwe, ambaye namheshimu sana, aliamua huo ni ugonjwa wa mchango wa watoto, akaja na dawa ya mizizi kwenye chupa ya maji. "Mkwe wangu, kijiko kimoja tu." Nikamwambia, "Mama, anayeruhusiwa kula ni mwanao, mjukuu hapana. Mletee yeye." Akanitazama, akaiweka chupa kwenye kikapu. Kesho yake akaja na uji wa ulezi na supu ya samaki, akakaa kwenye lile benchi, akawa anamsugua binti yake mgongo huku anakamua. Siku ile kikombe kilipanda.

Siku kumi zilipotimia, wakaruhusu mililita 1. Haijazi hata kifuniko cha kalamu. Nesi akampa mke wangu ashike bomba la sindano mwenyewe, alinyanyue juu kidogo, yashuke. Baada ya saa tatu akavuta masalio, mimi nimekodoa macho. Sindano ikarudi tupu.

"Yote yamepita," akasema.

Nikageuka nimwambie mwenzangu. Alishatoka, kikombe mkononi. Saa yake ya kukamua ilikuwa imefika.