Kingamwili ya kuzima faktari XI: kuvuja damu kumepungua, kiharusi je?

Dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin, rivaroxaban na apixaban zina kasoro moja: zinazuia damu kuganda mahali pabaya, na papo hapo zinamweka mgonjwa katika hatari ya kuvuja damu. Zote zinapunguza thrombini, kimeng'enya kinachogandisha damu, na thrombini inayojenga bonge la damu ndani ya mshipa ndiyo hiyo hiyo inayoziba jeraha.

Faktari XI, mojawapo ya protini za kugandisha damu, imefungua njia nyingine. Mtu akijikata, tishu iliyojeruhiwa huanzisha ugandaji kupitia faktari VII, na mara nyingi thrombini inayotokana na hatua hiyo hutosha kuziba kidonda. Faktari XI huja baadaye kuongeza thrombini zaidi, na nyongeza hiyo ndiyo hulikuza bonge ndani ya mshipa. Waliozaliwa na upungufu wake ni nadra kuvuja damu bila sababu. Shida hujitokeza zaidi wanapong'olewa jino au kupasuliwa njia ya mkojo, sehemu ambazo mwili huyeyusha haraka damu iliyoganda.

Abelacimab ni kingamwili inayoishika faktari XI kabla haijaanza kazi. Mwaka 2021, wagonjwa 412 waliobadilishiwa goti walishiriki jaribio lake: waliopewa dozi moja ya miligramu 150 kwa dripu walipata mabonge kwa 4%, dhidi ya 22% kwa enoxaparin, sindano ya kawaida ya kuzuia damu kuganda. Matokeo mazuri, ila mguu uliopasuliwa wa kila mgonjwa ulipigwa picha ya mishipa, na mabonge mengi ya aina hiyo hayana dalili.

Kisha likaja jaribio la AZALEA la dawa hiyo hiyo, lenye wagonjwa 1,287 ambao mapigo ya moyo wao hayana mpangilio, hali inayoweza kuleta kiharusi. Sindano ya miligramu 150 chini ya ngozi kila mwezi ilileta kuvuja damu kwa kiwango cha 3.2 kwa kila watu 100 kwa mwaka, rivaroxaban 8.4. Jaribio lilisimamishwa mapema kwa tofauti hiyo.

Hapa ndipo ninapositasita. Dawa dhaifu nayo hupunguza kuvuja damu, na AZALEA halikuwa na ukubwa wa kupima kiharusi. Asundexian, kidonge kinachozuia faktari XI iliyokwisha kuamshwa, kilipambanishwa na apixaban kwa wagonjwa 14,810. Jaribio lilikatizwa mwaka 2023: kiharusi na mabonge mengine yaliyosafiri kwenye mishipa yalifika 1.3% dhidi ya 0.4%. Watetezi wa kingamwili wanajibu kwamba yao hushusha faktari XI iliyo huru kwa takriban 99%, zaidi ya kidonge kile. Hoja ina uzito, lakini kitakachoithibitisha ni idadi ya viharusi vilivyohesabiwa. Jaribio la LILAC linalinganisha abelacimab na sindano isiyo na dawa kwa wagonjwa wasioweza kutumia dawa zilizopo. Kwao hilo ndilo swali sahihi, lakini kwa anayevumilia apixaban, swali la kiharusi bado halijajibiwa.

Dozi ya mwezi humfaa anayesahau vidonge. Lakini mgonjwa huyo akipata ajali wiki moja baada ya sindano, daktari hawezi kusubiri siku mbili dawa iishe kama apixaban. Plazima iliyogandishwa, yaani majimaji ya damu ya mchangiaji, huleta faktari XI mpya, ambayo kingamwili iliyobaki huinasa vilevile. Asidi ya traneksamiki husaidia kwa kuzuia damu iliyoganda isiyeyuke. Kwa hiyo dawa ya kuibatilisha iandaliwe sambamba na kingamwili yenyewe, isingojwe baada ya usajili.